Sindano ya Kurudi Mstarini

Uchungu ulimshika Lusia katikati ya mstari wa chai, kikapu kikiwa nusu, ukungu wa Mufindi haujanyanyuka. Aliujua. Mimba mbili za mwanzo zilianza hivyohivyo, kabla ya wakati, na mara zote mbili alizika kitoto kisichozidi kiatu cha nyapara. Hii ya tatu ilikuwa na miezi saba. Akatua kikapu, akateremka kwenda zahanati ya shamba ameinama, harufu ya majani mabichi ikimtia kichefuchefu.

Crispin, dresa wa zahanati, alimlaza, akaweka kiganja juu ya tumbo.

"Umefanya vizuri kuwahi, dada. Siku hizi kuna sindano. Inalegeza mji wa mimba, unaacha kubana, mtoto anatulia ndani."

"Basi nichome."

Crispin alitazama chini. Sindano zilikuwa nyumbani kwa Bwana meneja, katika friji la mafuta ya taa, kando ya siagi na bia. Ziliagizwa kwa ajili ya memsahibu, mke wa Bwana, naye alikwisha kwenda Nairobi akajifungua salama bila kuhitaji hata moja. Friji likaendelea kuzitunza.

Alikwenda kuomba. Akarudi na Bwana mwenyewe, na nyuma yao Saulo, nyapara wa mstari wa Lusia. Bwana hakuingia. Alisimama mlangoni na leso puani, kana kwamba zahanati aliyoijenga yeye ilikuwa choo.

"Hii dawa nasimamisha tumbo?"

"Ndiyo, Bwana. Lakini lazima alale, wiki kadhaa, asibebe kitu."

"Mimi hapana nunua dawa ya kulala." Akamgeukia Saulo. "Chai iko mingi?"

"Imejaa, Bwana. Wanawake hawatoshi."

"Basi piga sindano. Kama tumbo nanyamaza, yeye narudi kazi."

Crispin alifungua kinywa, akakifunga. Alikaa nyumba ya shamba, yeye na watoto wake. Lusia alimwona akikifunga, na wakati ule alimchukia kuliko mzungu.

Dawa ilifanya kazi, na hilo ndilo la kutapisha. Moyo ulimwenda mbio, mikono ikamtetemeka, kisha mji wa mimba ukaachia taratibu. Mtoto akacheza. Lusia akalia kwa furaha, peke yake, akikishika kile kisigino kidogo chini ya ngozi yake. Alipotoka kujisaidia alimkuta Saulo nje, ameshika kikapu cha Lusia.

"Haya, mama. Umepona."

"Dresa amesema nilale."

"Dresa hana mstari. Ukilala, nyumba yako anaingia mtu mwingine. Shika kikapu."

Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, wanasema, lakini Saulo alimjua sana. Mama yake mwenyewe alizeeka akichuma chai hapo hapo. Alimjua, na bado akamtwika.

Majani yenye umande ni mazito. Kamba ya kikapu ilimvuta kichwa nyuma, tumbo likatangulia mbele, na jua lilipoanza kushuka mji wa mimba ukabana tena. Akaita. Saulo akasema angoje kwanza majani yapimwe kwenye mzani. Hakungoja. Mtoto alitoka kati ya vichaka viwili vya chai, akalia mara moja, sauti ya kifaranga, akanyamaza. Kikapu kilikuwa kimepinduka, majani yamemwagika palepale alipokuwa amelala Lusia, yamelowa. Mwenzake Evarista akavua kanga, akawafunika yeye na mtoto.

"Okoteni hayo majani," Saulo akasema.

"Yana damu," Evarista akamwambia.

"Yakikauka hayajulikani."

Wakayaokota. Mmoja alitapika, akajifuta, akaendelea kuokota.

Siku ya pili Lusia alikuwa kitanda kilekile cha zahanati, maziwa yakimtiririka bure kifuani. Crispin alikuwa akipanga chupa kabatini, amempa mgongo. Saulo akaingia na kikombe kinachofuka moshi.

"Bwana amesema upewe chai. Ina sukari."

Lusia alikipokea kwa mikono miwili, kwa mazoea, akainusa.

"Ya lini?"

"Mpya kabisa. Imetoka kiwandani asubuhi hii."

Chupa zikaacha kulia kabatini. Lusia hakunywa, wala hakukirudisha. Saulo akasimama akingoja, maana kikombe kilikuwa cha ofisini.