Ukurasa wa Tabaruku

Binti aliichukua tasnifu ya mwanafunzi aliyemtangulia, nzima nzima, akabadilisha jina la jaladani tu. Mvivu hata wa kuiba! Chuo kikampitisha bila kushtuka.

Alipoileta nyumbani, mama yake, fundi cherehani, aliacha kushona, akafuta mikono, akavaa miwani. Alifungua ukurasa wa tabaruku, akasoma kwa sauti ili wateja wasikie: “Kwa marehemu mama yangu, aliyejinyima ili nisome.”

Binti, ambaye hakuwahi kuusoma ukurasa ule, alianza kusema wachapaji wamekosea. Mama akavua miwani, akaifunga tasnifu polepole, akamrudishia kwa mikono miwili.

“Pole, mwanangu,” alisema. “Mama yako alifariki lini?”