Siri ya Mtambo wa Pili

Barua ilifika kwenye kituo cha kufua umeme Jumatatu asubuhi: gesi imepanda bei, fedha za kulisha mitambo yote miwili hazitoshi, mtambo wa pili uzimwe kuanzia Alhamisi. Msimamizi wa zamu, ambaye mtaani walimwita Mama Swichi, aliisoma mara mbili. Habari hiyo, barua ilisema, isitoke nje mpaka itangazwe.

Kabla ya saa nne alikuwa ameshampigia kaka yake, muuza mitungi ya gesi.

"Jaza stoo," alimwambia. "Umeme ukikatika, wenye majiko ya umeme wote watakukimbilia wewe."

Alijiambia kwamba kumwambia ndugu si kutoa siri. Kujidanganya kwenyewe ni kipaji, na yeye alijaliwa.

Jioni hiyohiyo mama mkwe wake alimuuliza, "Mwanangu, mtungi wangu unakaribia kuisha. Ninunue mwingine, au nipikie umeme mpaka mwisho wa mwezi?"

Sasa ndipo masharti ya kazi yalipomjia kichwani. "Pikia umeme tu, mama," akasema, macho makavu.

Alhamisi umeme ukakatika. Kufika Jumamosi bei ya mtungi ilikuwa mara mbili, na gesi ya Mama Swichi nayo ikamwishia. Akaenda dukani kwa kaka yake mchana, akinuia kupenya mlango wa nyuma. Foleni ilizunguka kona. Katikati yake, kwenye jua la utosi, mama mkwe alikuwa amekalia mtungi wake mtupu. Mama Swichi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Angegeuka arudi, lakini kaka, mtu asiye na breki mdomoni, alishamwona.

"Dada! Wako huu hapa, bure kabisa! Usingenipigia Jumatatu, leo ningekuwa nauza hewa!"

Foleni nzima ikamgeukia. Mmoja alicheka, kisha akaacha. Aibu ilimpanda Mama Swichi mpaka masikioni.

"Mama, kazini walitukataza kusema..." alianza, na maneno yakamkera yeye mwenyewe.

Mama mkwe aliinuka polepole, akauvuta mtungi wake kando ili njia ipatikane. Hakununa. Afadhali angenuna.

"Pita, mwanangu," alisema kwa upole uleule wa siku zote. "Ndugu yako anakuita."