Damu Iliyotikiswa Njiani

Mtoto Esteri alikuwa anaamka uso umevimba, na mkojo unakuja kidogo. Mansuri, mganga wa zahanati, akamtoa damu ili ijulikane kama figo zimeguswa. Gari la kukusanya sampuli lilikuwa bovu, basi kichupa cha damu akakabidhiwa Evaline, mama wa mtoto, akifikishe maabara ya hospitali, Kasulu mjini, na asikianike juani. Evaline akamwacha Esteri kwa bibi yake, kijijini Kagerankanda, akapanda bodaboda ya Japhet.

Mvua ikawasimamisha kwenye kibanda cha njiani. Hapo ndipo Evaline alipochungulia kichupa, akakuta damu imejitenga: nyekundu imekaa chini, juu maji ya manjano. Yeye si mtu wa kuona kitu kinaharibika akanyamaza. Dawa za mtoto zikijitenga hutikiswa, imeandikwa hata kwenye chupa. Akatikisa. Mvua ilipokatika wakaendelea, naye akaendelea kutikisa. Japhet akauliza kama wanakwenda maabara au kwaya, maana mtu nyuma yake anapiga kayamba. Evaline akamwambia atazame mashimo.

Rabia, mpimaji wa maabara, akakiweka kichupa kwenye mashine ya kuzungusha. Kilipotoka, yale maji ya juu yalikuwa mekundu kama juisi ya rozela.

"Mama, damu hii imepasuka."

"Haijaanguka hata mara moja."

"Uliitikisa?"

"Njia nzima," Evaline akasema, akingoja shukrani.

Rabia akamweleza taratibu. Chembe za damu zikipasuka, vya ndani humwagika, na mashine husoma uongo: chumvi ile inayosumbua moyo inaonekana imepanda, daktari anatibu moyo usioumwa, figo zinangoja. Akasema asijione peke yake. Damu za namna hiyo wanazimwaga kila siku, nyingine zimepasuliwa na wauguzi wanaovuta sindano kwa pupa. Hilo halikumpunguzia Evaline kitu. Mtoto alikuwa bado amevimba. Na wewe mzazi utakayepewa kichupa, kishike kimesimama. Damu ikijitenga, ni kawaida yake, iache.

Kesho yake akarudi na Esteri mwenyewe. Mtoto alipoiona sindano akaficha mikono nyuma.

"Jana nilitoa. Umeipeleka wapi?"

Evaline akafikiria kumsingizia Japhet na mashimo.

"Niliiharibu, mwanangu."

Esteri akamtazama sana. Halafu akatoa mkono, ila akataka kichupa kibaki na dada wa maabara.

Majibu yakasema figo zimeguswa, hazijafa. Esteri akalazwa, akaanzishiwa dawa. Muuguzi akamwagiza Evaline awe anaukinga mkojo wa mtoto kwenye kikombe cha kupimia. Evaline akauliza kwanza kama anaruhusiwa kukishika.