Jina la Kuandika

Naibu wa mwalimu mkuu, Mwalimu Githae, hakuwa na haja ya kupeleleza. Kosa likitokea, kioo kikivunjwa au mkate wa walimu ukiliwa, aliingia darasani na vipande vya karatasi alivyokata mwenyewe kwa rula, akavigawa dawati kwa dawati na kusema, "Jina moja. Mwenye mwandiko mbaya atumie herufi kubwa." Ukirudisha karatasi tupu ulipiga magoti nje mpaka kengele ya kwenda nyumbani, kwa sababu kwake yeye asiye na jina la kutoa ndiye mwenye jambo la kuficha. Mwenye kura nyingi alienda nyumbani kuleta mzazi. Mara ya kwanza, wiki mbili nje. Mara ya pili, mwezi mzima. Mara ya tatu, usirudi. Mwalimu Githae aliita mpango huo demokrasia na aliusimulia hata kanisani kwake. Sisi tuliuita sensa.

Watu wazima wa hapa Ruiru hupenda sana kuuliza kwa nini vijana wameharibika. Wanajijibu wenyewe: ni simu, ni bangi, ni makundi mabaya. Makundi mabaya! Nani aliyatengeneza? Katika shule yetu ya kutwa pale Gitothua, kama hukuwa na kundi, wewe ndiwe uliyekuwa jina. Mimi nikiwa kidato cha pili nilipata kura tisa kwa sababu ya mfereji wa maji ambao sikuuvunja. Kura tisa hazikutosha kunifukuzisha, lakini usiku kucha sikulala, nikiwahesabu wenzangu mmoja mmoja na kujiuliza ni nani. Kesho yake nilimpa Eddie nafasi yangu kwenye foleni ya githeri. Kesho kutwa nikamfanyia hesabu zake. Eddie alikuwa mjinga mwenye sauti kubwa, simpendi hata leo, lakini watu thelathini waliandika alichosema yeye. Nikawa mtu wake. Baadaye alipoziba kufuli za madarasa kwa chingamu na njiti za kiberiti, mimi ndiye niliyetafuna hizo chingamu.

Calvince alikuja tukiwa kidato cha tatu. Mama yake, Benta, alikuwa amepata kazi kiwandani huku Ruiru, wakahamia chumba kimoja karibu na shule. Siku ya kwanza mwalimu wetu wa darasa, Mwalimu Mwongeli, alimwomba asimame ajijulishe.

"Naitwa Calvince Ochieng. Nimetoka Kiandutu."

Angesema Thika tu, ingetosha. Kila mtu wa Kiandutu akienda mahali husema ametoka Thika, na hakuna anayemuuliza zaidi. Yeye alitaja mtaa wa mabanda, kwa sauti, kama mtu anayetaja mahali pazuri. Darasa likacheka, na mbele yake wasichana wa dawati la kwanza wakaingiza kikokotoo chao ndani ya begi. Hapo hapo Eddie akageuka nyuma akanikonyeza. Tulikuwa tumepata jina.

Aliketishwa kando yangu. Nitasema ukweli kwa sababu sina mtu wa kumwogopa tena: alikuwa mtu mzuri. Alinieleza logarithimu mpaka nikazielewa, jambo ambalo hakuna mwalimu aliyeweza. Akija na viazi vitamu alikata katikati, akanisogezea kipande kikubwa. Nyumbani alinitaja. Mimi nyumbani kwetu Kimbo sikumtaja hata siku moja.

Kwa kufuli zilizozibwa, kura thelathini na moja. Wiki mbili. Kwa mikate ya walimu, tuliyokula sisi wanne wa kundi la Eddie nyuma ya choo, kura thelathini na tano. Mwezi mzima. Aliporudi alikaa chini kando yangu, akafungua daftari, akaniuliza, "Mmefika wapi?" Nilimwonyesha. Hakuwahi kuniuliza niliandika nani. Nadhani alidhani kwamba mimi nilikuwa mmoja wa wale wachache.

Halafu Eddie akataka kuchoma stoo ya vitabu. Karatasi za mtihani wa katikati ya muhula zilikuwa zimeletwa huko, na yeye hakuwa amesoma chochote. Alikuja na petroli kwenye chupa ya soda, aliyopewa na binamu yake wa bodaboda. Ilikuwa Ijumaa saa kumi, wakati wa michezo, shule yote iko uwanjani. Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye kona nipige mluzi mtu akija. Hakuna aliyekuja. Moto ulishika haraka kuliko tulivyofikiria, na mlinzi wetu, mzee Nicanor, akauona kutoka langoni, akakimbia akaingia kutoa vitabu kwa mikono. Alitoa mafurushi mawili. La tatu lilikuwa linawaka. Mikono yote miwili ikaungua mpaka viwiko, na nilimsikia akilia nikiwa tayari uwanjani nikijifanya mshabiki wa voliboli.

Siku hiyo Calvince hakuwa shuleni. Alikuwa amesafiri Jumanne kwenda Siaya kumzika nyanya yake, na ruhusa alipewa na Mwalimu Mwongeli mbele ya darasa zima. Siku nne nafasi yake kwenye dawati ilikuwa tupu. Niliweka begi langu hapo.

Jumatatu alirudi. Mwalimu Githae akaingia na karatasi zake. Safari hii hakutania mwandiko wa mtu.

"Nicanor yuko hospitali," alisema. "Ana watoto. Anayejua na asiandike, damu ya mzee huyo iko juu yake."

Neno la Eddie lilikuwa limeshatembea asubuhi, dawati kwa dawati, kama siku zote.

"Kama kawa," msichana wa mbele yangu alininong'oneza bila kugeuka.

"Lakini si huyo hakuwa shule?" nilimuuliza.

"Sasa unataka tuandike nani, wewe?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Watu arobaini na wanne waliona ile nafasi tupu siku nne mfululizo. Sio kwamba walisahau. Walikuwa wamezoea tu, na kuandika jina jipya kulihitaji mtu wa kulianzisha. Calvince alikuwa kando yangu, amefunika karatasi yake kwa kiganja kama mtu anayefanya mtihani. Nami nikafunika yangu. Nikaandika CALVINCE kwa herufi kubwa.

Kura thelathini na saba. Mwalimu Githae alizisoma moja moja kwa sauti, Calvince, Calvince, Calvince, mpaka ikawa inachekesha na wengine wakaanza kucheka. Karatasi moja haikuwa na jina. Iliandikwa, "Sikuwa shule." Aliisoma pia, akaikunja, akaiweka mfukoni.

Jumanne mama yake akaja. Mimi nilikuwa na zamu ya kufagia veranda ya ofisi, na dirisha la naibu lilikuwa wazi. Benta alikuwa na koti la kiwandani na mfuko wa karatasi aliokuwa ameushika kwa mikono miwili. Nilifagia sehemu moja mpaka simiti ikang'aa.

"Mama, watoto thelathini na saba hawawezi kudanganya," Mwalimu Githae alisema.

"Mwalimu, mimi sisemi wanadanganya. Nasema wamekosea. Ijumaa huyu alikuwa Siaya. Tulikuwa tunazika. Picha ndizo hizi, angalia."

Mwalimu Githae alizichukua. Alikuwa anazitazama kweli, moja baada ya nyingine.

"Pole sana kwa msiba, mama," alisema mwishowe, na alimaanisha. "Mungu awafariji. Ni kweli, naona hakuwa hapa."

Nikasimamisha ufagio. Sikufurahi. Kama si Calvince, basi karatasi zingerudi, na safari hii pasingekuwa na jina tayari.

"Basi imeisha?" Benta aliuliza.

"Haijaisha. Bado najiuliza kwa nini ni yeye. Kila mara ni yeye."

"Kuna kijana mmoja anaitwa Gachau. Wanakaa pamoja. Nyumbani sisi tunamsikia kila siku, Gachau hivi, Gachau vile. Tafadhali mwite huyo. Atakwambia mtoto wangu ni mtu wa aina gani."

Mwalimu Githae akaniita kupitia dirisha. Nilipofika mlangoni, Benta alikuwa ameshaombwa atoke, kwa sababu mtoto hawezi kusema ukweli mbele ya mzazi wa mwenzake. Tulipishana. Alinishika bega, akasema, "Wewe ndiye Gachau. Mungu akubariki, baba." Mlango ukafungwa.

Ndani Calvince alikuwa amesimama kando ya kabati. Mwalimu Mwongeli alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kiti. Calvince aliponiona, mabega yake yalilegea. Alifurahi.

"Gachau, wewe ni mtoto wa hapa, na baba yako namjua," Mwalimu Githae alianza. "Ijumaa Calvince hakuwa. Hiyo tumekubali. Sasa nisaidie mimi, mwalimu wako. Watu thelathini na saba wameandika mtu ambaye hakuwako. Kwa nini?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Kwa sababu wewe ulitufundisha, mwalimu. Kwa sababu unataka jina, na yeye ndiye asiyekuwa na wa kumtetea. Mwalimu Mwongeli alinitazama kwa macho ya kuomba. Nilimwaza Eddie, nikawaza mimi nikiwa nimekaa darasani na karatasi zinasomwa, Gachau, Gachau, Gachau.

Nilichelewa kidogo, na Mwalimu Githae akanisaidia.

"Ama yeye ndiye aliyewatuma waliochoma, halafu akajitoa kwa safari?"

"Ndiyo," nilisema.

Hapo ningenyamaza. Lilikuwa limetosha, hakuna aliyeniuliza zaidi. Lakini nikaona kalamu yake inaandika, nikaona mtu mzima anayaandika maneno yangu, na utamu fulani ukanipanda.

"Alisema hataki kurudi apate hiyo stoo imesimama," niliendelea. "Alisema huko kwao Kiandutu kuchoma ni kitu kidogo."

Sitajidai kwamba nililia moyoni. Nilijisikia vizuri. Nilijisikia salama kuliko siku yoyote tangu zile kura tisa, na huo ndio uchafu wenyewe ambao hakuna mhubiri anayeutaja akija kutuonya kuhusu makundi mabaya.

Calvince hakupiga kelele. Aliniuliza taratibu, "Gachau, hiyo ya Kiandutu umeiongeza ya nini?"

Mwalimu Githae akaweka kalamu chini. "Umesikia, Mwalimu Mwongeli? Anapinga hiyo moja tu. Kwa hivyo hiyo nyingine ni kweli."

"Mwalimu, mimi ndiye nilimpa ruhusa," Mwalimu Mwongeli alisema. "Hakuna vile angepanga. Alipigiwa simu ya msiba mbele yangu, akaanguka chini—"

"Kandarasi yako inaisha lini?"

"Mwezi wa nane."

"Basi tuimalize vizuri, ipate kuongezwa."

Mwalimu Mwongeli akatazama viatu vyake. Mwalimu Githae akaanza kuandika barua. Alieleza kwamba kwa huruma hataita polisi, ingawa Nicanor hatashika rungu tena, na kwamba Calvince anaweza kutafuta shule nyingine, lakini barua itasema kwa nini ameondoka. Sote tulijua hakuna shule inayopokea mchomaji. Calvince alijua pia. Alisimama na mikono nyuma akisikiliza kalamu, na hakunitazama tena.

Tulitolewa pamoja. Benta alikuwa amesimama pale pale nilipoacha ufagio. Alisoma barua akiwa amesimama, midomo ikisogea, akafika mwisho, akarudi juu akasoma tena. Hakuanguka wala hakulia. Aliikunja mara nne, akaiingiza ndani ya koti, kisha akanigeukia mimi.

"Najua umejaribu, baba," alisema. "Hao wakubwa wakishaamua wameamua. Lakini mtoto kama wewe kuingia mle ndani na kumsemea mwenzako, si kitu kidogo. Mama yako amelea."

Nilimtazama Calvince, nikangoja aseme. Alikuwa na haki ya kusema, na mama yake angenizaba kofi mbele ya shule nzima, nami ningelishukuru kofi hilo.

Calvince alimtazama mama yake, akatazama ule mfuko, akaona jinsi mama alivyokuwa akihitaji kuwe na mtu mmoja mzuri katika shule ile.

"Amejaribu, mama," alisema. "Twende."

Benta akanipa mfuko. Zilikuwa njugu karanga kutoka Siaya, alizokuwa amemletea Mwalimu Githae kama shukrani, akiamini kwamba mambo yangetengenezwa. Nilizipokea kwa mikono miwili, nikasema asante. Walishuka ngazi, mama mbele, mtoto nyuma na begi lake, mpaka langoni ambako siku hizo hakukuwa na mlinzi wa kufungua. Calvince alilisukuma mwenyewe.

Eddie alikuwa akinisubiri kwenye kona ya darasa.

"Manze, umesema nini huko?"

"Imeisha. Ameenda."

"Buda, wewe ni mnoma!" Akanipiga begani, akacheka, akanyoosha mkono kwenye mfuko. "Hizi ni nini?"

Nikamfungulia. Tuliketi kwenye ukuta mfupi juani, tukitupa maganda kwenye veranda niliyokuwa nimeifagia. Zilikuwa zimekaangwa vizuri, na chumvi kidogo. Tulizila mpaka zikaisha.