Maumivu Alipopiga Hodi kwa Sikudhani

Ndoto ya usiku wa jana ilinikuta nimeshaondoka. Natembea, begi begani kama kawaida yangu, na barabara ni mgongo wa mdogo wangu Sikudhani. Jana hiyo hiyo aliondolewa titi lenye saratani. Kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji aliniambia, "Kaka, kisu sikiogopi. Naogopa kuamka."

Mbele yangu anatembea Sindano, mrefu, mwembamba, hana haraka.

"Mzee, usikanyage ovyo," anasema. "Hapo chini ni pafu."

Nimezunguka nchi nyingi, mahali kama pale sijaona. Mbavu zimejipanga kama vibaraza vyeupe, na pumzi inapita chini yake taratibu, kubwa, mpaka nikavua kofia. Kwenye kila kibaraza ameketi mshipa mmoja wa fahamu, bibi mwembamba amejitanda kanga.

"Kazi yao kuitikia hodi," Sindano ananieleza. "Wakisema karibu, Maumivu anapita moja kwa moja hadi kichwani. Wasipoitikia, mara ya tatu anageuza. Ana adabu zake."

Basi anawamiminia ganzi mapajani. Mabibi wanasinzia mmoja baada ya mwingine. Mimi nakaa kibaraza cha mwisho, kwapani, nipumzishe miguu.

Maumivu anakuja. Amevaa suti, amejitwisha godoro.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi jamani."

Kimya. Sikudhani anapumua.

"Hodi wenyewe."

Mdomo wangu ukajibu bila kuniuliza: "Kari..."

Sindano akaniziba kwa kiganja. "Mzee, umetumwa na nani?"

"Nimekaribishwa," Maumivu anasema.

"Umekaribishwa nusu. Ingiza kidole."

Akavua kiatu, akaingiza kidole kimoja cha mguu, kwa heshima zote. Godoro likabaki nje.

Nikaamka, nikaenda wodini. Sikudhani ameketi, anakunywa uji.

"Kaka, nimelala. Kifua sikisikii kabisa. Ila hapa kwapani, kama kuna mtu kanikanyaga kwa kidole cha mguu."



Daktari Mbonde amempa kidonge kwa ajili ya kwapa. Sindano wameshamtupa kwenye boksi la vitu vyenye ncha. Ganzi itaisha kesho, anasema Daktari, mabibi wataamka, na dawa nyingine iko tayari. Sikudhani amevuta pumzi hadi chini, amekohoa, amelala tena. Mimi nimeketi mlangoni kwake. Wageni wananiona jeuri, maana hodi zao siitikii.