Sentensi Isiyo na Mama

Mwalimu Tabea Nyagawa alikuwa na maringo, na hakuyaficha. Aliyapata kihalali. Katika Njombe yote ya mwaka ule wa hamsini na sita, ni yeye mwanamke pekee aliyefundisha Kiingereza darasa la nane, na wasichana wake kumi na wanne waliichambua sentensi ndefu kama mama zao wanavyopepeta ulezi.

Siku hizi wasomi wana majina ya mambo hayo: virai, vishazi huru, vishazi tegemezi. Tabea hakuwa na majina hayo, na yale ya Kiingereza yaliwatia wasichana usingizi, basi akatunga yake. Sentensi, aliwaambia, ni msafara wa mama aendaye sokoni. Mama ana miguu yake, anakwenda na anafika. Mtoto naye ana miguu, lakini hafiki popote asiposhika nguo ya mama. Mzigo hauna miguu kabisa, ni wa kubebwa tu.

"Usiogope urefu wa msafara," alisema kila asubuhi. "Mtafute mama kwanza."

Mwalimu mkuu, Mzee Lukas, aliyasikia hayo kupitia dirisha akatikisa kichwa. Alikuwa mtu mwema, mzee wa kanisa, lakini wema wake ulikuwa na mipaka, na mpaka mmojawapo ulipita mlangoni mwa darasa la wasichana. Kushona na kupika kungewafaa zaidi, alisema, na mtihani wa darasa la nane ni kazi ya wavulana. Tabea alimjibu kwa heshima zote na kwa ukali wote. Mwishowe ikaamuliwa kwamba mkaguzi wa shule aje kutoka makao ya jimbo awapime wasichana kwa Kiingereza. Wakifaulu, watafanya mtihani. Wakishindwa, darasa litafungwa na watapewa sindano.

Kwa Esteria, mmoja wa wasichana hao, hata sindano asingeipata. Baba yake, mkulima wa Kitandililo kule Makambako, alikuwa amekwisha kusema: pasipo mtihani, binti arudi nyumbani, kuna watu wameleta posa. Esteria alikuwa na miaka kumi na sita. Hakulia alipomweleza Tabea habari hizo, ila aliomba apewe sentensi ngumu zaidi.

Mkaguzi aliwasili mwezi wa tatu, gari lake limepakwa matope ya njia ya Makambako mpaka kwenye vioo. Alikuwa Mzungu mrefu, mwenye mafua, asiye na maneno mengi. Wasichana wakasimama wote na kwa woga wakasahau salamu ya Kiingereza waliyoifanyia mazoezi wiki nzima, wakasema "Kamwene", salamu ya nyumbani kwao, kwa sauti moja. Tabea akafumba macho. Mkaguzi akamwomba akae nyuma, karibu na Mzee Lukas, na asifungue kinywa.

Kisha akashika chaki, akaandika kwa Kiingereza maneno ambayo kwa lugha yetu ni haya: Lori la barua kutoka Makambako linapochelewa kwa sababu ya matope, ingawa dereva ameondoka alfajiri. Akaweka nukta kubwa. Akageuka akauliza kama sentensi ile ni sahihi.



Akauliza mara ya pili, polepole. Wasichana wakatazama madawati. Akauliza mara ya tatu, akapiga chafya, akatoa kalamu.

Tabea aliinama kutazama chini ya madawati. Walijua! Aliwajua watoto wake, na aliviona vidole vyao chini ya madawati vikihesabu: mtoto mmoja, mizigo miwili, mtoto wa pili, na mama hayupo. Hata Jeni, wa mwisho darasani, alikuwa ameng'amua. Lakini walikuwa wamelelewa, maskini, na wamelelewa vizuri. Ni msichana gani wa nyanda zile angesimama mbele za watu amwambie mtu mzima, tena mgeni, kwamba maneno yake hayajakamilika? Angemwaibisha yeye, na angewaaibisha wazazi wake mwenyewe. Miaka minne Tabea aliwafundisha Kiingereza, wala haikumpitia akilini kuwafundisha utovu wa adabu. Alijikasirikia sana. Kando yake Mzee Lukas alipumua kama mtu aliyetuliwa gunia.

Mkaguzi alikuwa ameanza kuandika kwenye daftari lake Esteria aliposimama. Akatoka kwenye dawati, akaenda mbele, akakunja goti kidogo, akanyoosha mikono miwili.

"Nikupokee, Bwana," alisema kwa Kiswahili.

Ndivyo asemavyo kila mtoto akikutana na mtu mzima njiani amejitwisha mzigo. Huulizi kama umemshinda. Unapokea, unatembea naye. Mkaguzi hakuelewa, lakini mikono iliyonyooshwa inaeleweka kila mahali. Akampa chaki.

Esteria akaifuta ile nukta kwa ncha ya kidole, akaweka mkato, kisha akaandika maneno machache ya Kiingereza: tunalingoja. Akaweka nukta yake. Akarudisha chaki kwa mikono miwili, akaenda kukaa.

Mzungu aliusoma ubao, akafunga daftari. Baadaye, uani, alimwuliza Tabea kwa nini wengine wote hawakujibu. Tabea akamweleza, naye akasikiliza bila kucheka, akajifuta pua. Kisha akaingia garini akaenda zake.

Majuma matatu walingoja barua ya uamuzi. Mvua haikukoma na lori la barua lilikwama mara mbili. Tabea aliendelea kufundisha, usiku halali, mchana hali vizuri, na asingekiri hayo kwa mtu yeyote.

Barua ilipofika, Mzee Lukas aliileta mwenyewe darasani, akavaa miwani, akaisoma kwa Kiingereza kwa sauti ya kanisani. Ilikuwa sentensi moja. Naapa, moja tu, ndefu kuliko njia ya kwenda Lugarawa, imejaa ijapokuwa, na ingawa, na shaka, na uchache wa nafasi, na mahali fulani katikati, mashaka ambayo mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa ameyaleta ofisini kwa barua yake. Lukas alifika hapo, akakohoa, akaendelea haraka mpaka mwisho. Kisha akaikunja.

"Poleni, wanangu," alisema, na kwa kweli alikuwa na huzuni. "Mmesikia wenyewe. Mashaka matupu. Wamekataa."

Hakuna aliyelia. Tabea aliwatazama, akaona nyuso kumi na nne zinazojitahidi kutotabasamu, akaelewa kwamba wote walikuwa wamekwisha kumwona mama, kule mwisho kabisa wa msafara, nyuma ya watoto wake na mizigo yake yote. Na wote walikuwa wamenyamaza, kwa heshima ya mzee. Safari hii hakukasirika. Aliona fahari. Akamtazama Esteria, akainamisha kichwa kidogo.

Esteria akaenda mbele, akakunja goti.

"Nikupokee, Baba."

Mzee Lukas akasita, kisha akampa barua. Esteria akaifunua, akaisoma kwa Kiswahili, taratibu, ili hata wapishi waliokusanyika mlangoni waelewe. "Ingawa ofisi ina shaka kama mtihani utawafaa wasichana, na ijapokuwa nafasi za madarasa ya juu ni chache katika jimbo hili, wasichana kumi na wanne wa Njombe watafanya mtihani pamoja na wavulana."

Jeni akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, na wapishi wakapiga vigelegele bila kujua darasa la nane ni nini. Tabea hakupiga makofi. Alikuwa akihesabu kwa vidole, kama alivyowazoeza: mtoto mmoja, mtoto wa pili, mama. Mzigo mmoja haukuwamo. Ile habari ya barua ya mwalimu mkuu Esteria alikuwa ameiruka, wala hakuna aliyeng'amua ila waliojua Kiingereza.

Mzee Lukas alijua. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akampokea Esteria ile barua, kwa mikono miwili.