Kamera ya Macho Mawili

Mpima ardhi alipostaafu alimwahidi mkewe safari ya kuwazungukia ndugu waliotawanyika, na kila mmoja angempiga picha moja ya maana. Mkewe, muuguzi, alifungasha nguo siku hiyohiyo. Wiki mbili baadaye akazirudisha kabatini. Mumewe alikuwa hajachagua kamera.

Simu, alisema, ni ya kupigia picha risiti. Alitaka kamera ya filamu pana, ile inayoonyesha hadi kope za mtu. Miezi minane akachambua. Moja ilikuwa nzito kama tofali, na mlio wake ungeamsha wodi nzima. Nyingine ilikunjika ikaingia mfukoni, lakini haikuweza kumpiga mtu kwa karibu; uso ungetoka mdogo kama kifungo cha shati. Hatimaye, kwenye duka la vitu kuukuu, akaipata ya macho mawili.

"La juu la kutazamia, la chini ndilo linalopiga," muuzaji alimweleza.

"Najua," akajibu mpima ardhi. Kweli alijua. Alikuwa amesoma vitabu vitatu.

Wakasafiri. Kila nyumba alisimamisha stendi, akapima mwanga, akapima tena, akainama juu ya kioo cha kamera huku ndugu wamekauka kwenye viti. Shemeji yake alisinzia akisubiri.

"Baba watoto, hawa tumekuja kuwasalimia au kuwapima?" mkewe alinong'ona.

"Utanishukuru."

Nyumba ya saba ilikuwa ya mama yake mkubwa, bibi aliyewahi kufanya kazi ya kusafisha picha studio miaka ishirini. Mpima ardhi alimwamkia, akamkalisha dirishani, kisha akamweleza kwa kirefu lenzi ni nini. Bibi akasikiliza kwa adabu.

"Sasa mama, usitikisike wala usifungue mdomo mpaka nikuambie."

Akapiga picha kumi na moja. Aliponyanyua kichwa, bibi alikuwa ameinua kidole kama mwanafunzi.

"Sema, mama."

"Mwanangu, hicho kifuniko cha jicho la chini, huwa hukitoi?"

Mpima ardhi akatazama. Kifuniko kilikuwa kimekaa imara mahali pake, tangu nyumba ya kwanza. Muuguzi akakimbilia jikoni. Kicheko chake kilisikika hata hivyo.

"Mbona hukuniambia mapema, mama?"

"Si umenikataza kusema?"

Mpima ardhi akaketi sakafuni. Nyumba saba!

"Zimebaki picha ngapi kwenye filamu?" bibi akauliza.

"Moja."

"Inuka basi, piga."

Lakini bibi naye alishindwa kujizuia, akacheka mpaka mabega yakaruka. Mpima ardhi akakitoa kifuniko, akapiga bila kupima chochote.

Filamu zote zikatoka tupu, isipokuwa picha hiyo moja: kidevu kimefifia kwa kutikisika, mdomo wazi, macho yamefumbwa kwa furaha. Hakuwahi kupiga picha nzuri kiasi hicho, na alilijua hilo. Akaisafisha kubwa, akamtumia bibi.

Baada ya siku kumi ikarudi kwenye bahasha ileile. Nyuma yake bibi alikuwa ameandika kwa mwandiko ulionyooka: "Nimetoka vibaya, na meno niliyobaki nayo yanahesabika. Njoo unipige nyingine. Safari hii nitafunga mdomo."